Maji ya Zamu ya Kwanza

"Kitambaa chekundu ulikiona ama hukukiona?"

"Nilikiona. Nikakifungua. Kwani kitambaa ni kufuli?"

"Mama, nilikuambia mitungi hiyo miwili isiguswe. Nilikuambia hapa hapa, Kawira akiwa amesimama hapo mlangoni."

"Na mimi nikasikia. Uliniuliza kama nimekubali?"

Wambeti alikuwa katikati ya jiko la mama mkwe wake, amevaa koti jeupe la maabara ambalo mfuko wake mmoja ulikuwa umetobolewa na tindikali. Alikuwa ametoka shuleni akikimbia. Hakuna aliyemwambia aketi. Ciarunji alikuwa kwenye kigoda akichambua kunde, na tangu mkaza mwana wake aingie hakuwa ameinua macho zaidi ya mara moja, na mara hiyo alikuwa akitafuta kisu.

"Hayo maji yalikuwa ya shule."

"Ya shule yalitoka kwa mabati ya nani? Hii nyumba iliezekwa na mtoto wangu. Mvua ikinyesha kwa mabati ya Gichovi, hiyo maji ni ya Gichovi, na Gichovi nilimzaa mimi. Nenda uambie prinsipo aweke mabati yake."

"Uliyapeleka wapi?"

"Nilipika njahi. Na chai. Ulitaka watu wa Kibugu nipatie chai ya kisima?" Sasa aliinua macho. "Wale wanaishi juu huko kwa majani chai, maji inatoka mlimani tamu, hata hawajui chumvi ya maji ni nini. Wamekuja kuona Kawira anatoka kwa watu wa aina gani. Niwawekee njahi imekataa kuiva, iwe inalia kwa meno kama changarawe? Waende waseme huku Mbeere tunakula mawe?"

Hapo hakuwa amedanganya. Maji ya kisima cha eneo lile yalikuwa makali. Sabuni haikutoa povu, chai yake ilikuwa na ladha ya chuma, na njahi, maharagwe yale meusi, zingeweza kukaa motoni mchana kutwa zikatoka vilevile zilivyoingia. Kila boma lililokuwa na mabati lilikinga maji ya mvua, na kila mama aliyetarajia mgeni aliyaficha.

"Sawa. Ulipika. Ungeniambia yameisha!" Wambeti alisema. "Ungeniachia mitungi mitupu ningejua!"

Ciarunji aliweka kisu chini. Hilo ndilo lililomkasirisha kweli.

"Mitupu? Nichukue chombo cha mtu kimejaa, nirudishe kitupu? Mimi nimezaliwa wapi, kichakani? Nilichukua mitungi miwili imejaa, nikarudisha miwili imejaa. Nilishuka kisimani nikabeba na hii mgongo yangu, mmoja, nikarudi, nikabeba wa pili. Nikafunga na kitambaa chako vile nilikuta. Na sasa naitwa mwizi kwa jiko yangu."

"Sijasema mwizi."

"Uso wako umesema."

Wambeti alishika kichwa. Mitungi hiyo miwili, iliyojazwa maji ya kisima kwa adabu na kufungwa kitambaa kwa adabu, ndiyo aliyoipeleka maabara kutayarishia mtihani wa kemia wa kidato cha nne. Zamu ya kwanza ilikuwa imeshaingia, imefanya na imetoka.

Aligundua akiosha vyombo. Kulikuwa na matone ya bariamu yaliyobaki kwenye kidonesha, akayatupa katika mrija uliokuwa na maji matupu tu. Maji yakageuka meupe. Alichukua mrija mwingine, akachota moja kwa moja kutoka mtungini, akadondosha. Meupe tena, kama maziwa ya unga. Dawa ile ikigeuka nyeupe, mwanafunzi anatakiwa kuandika kwamba chumvi aliyopewa ina salfeti. Chumvi ya leo haikuwa na salfeti. Wambeti aliipima kwa mizani kwa mikono yake. Salfeti ilikuwa ndani ya maji. Nusu ya darasa ilikuwa imeandika jibu la kisima.

Miaka mingine alianza kwa kuyapima maji. Mwaka huu mwalimu mkuu alinunua chupa ndogo kabisa ya bariamu, akamwonya kwamba tone likipotea atalilipa yeye. Kwa hiyo aliamini kitambaa.

"Maji ni maji," Ciarunji alisema, akirudia kunde zake. "Hata nyinyi wa maabara mnakojoa kama sisi."

Gichovi aliingia akiwa na gunia la majani ya muguka begani na tonge la majani yaleyale shavuni. "Kelele yenu inafika barabarani. Kuna nini?"

Wambeti alimweleza kwa maneno machache. Gichovi alisikiliza akitafuna, akashusha gunia, akanyoosha mgongo.

"Sasa unataka nini? Mama ashikwe na polisi kwa sababu ya njahi?"

"Nataka maji yaliyobaki. Mitungi miwili haiwezi kuisha kwa sufuria moja ya njahi na chai ya wageni sita."

"Mama, yalibaki?"

Kawira, dada ya Gichovi, alijibu kutoka mlangoni alikokuwa akisuka nywele zake mwenyewe bila kioo.

"Yako chini ya kitanda. Kwa ile pipa ndogo ya buluu."

"Wewe!" Ciarunji alipiga paja. "Ni wewe nachungia hiyo maji! Wanarudi Jumamosi kutoa neno lao, niwapikie na nini?"

"Mimi sijaposwa na maji," Kawira alisema.

Wambeti alielekea chumbani. Ciarunji aliinuka kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, akasimama mlangoni na mikono yake yote miwili kwenye miimo. Wambeti hakumsukuma. Alimshika mabega akamweka kando, kama mtu anavyoondoa kiti njiani, akapiga magoti na kuvuta pipa.

"Umeona?" Ciarunji alimwambia mwanawe. "Umeona mke wako amenishika?"

Gichovi alikuwa ameona. Alimfuata Wambeti hadi uani, ambako alikuwa akipakia pipa kwenye wilbaro.

"Chukua. Sitapigania maji. Lakini nisikie vizuri. Jina la mama likitajwa huko shuleni, watu wa Kibugu wasikie ameharibu mtihani wa watoto, usirudi hapa jioni."

"Na Linda?"

"Linda ni mtoto wangu. Atabaki."

"Linda yuko zamu ya pili. Anaingia saa nane." Wambeti alifunga pipa kwa kamba ya mkonge, akakaza fundo. "Nimekaa hapa na wewe muda wote huu, hujauliza mtoto wako anafanya mtihani na maji gani. Umeuliza tu ya mama yako."

Gichovi alitema majani chini. "Nimeshasema."

Linda alitaka uuguzi, na chuo cha uuguzi kinauliza kemia kabla ya kuuliza jina. Mtihani wa maabara ulikuwa sehemu kubwa ya alama hizo. Wambeti alishika mikono ya wilbaro akaondoka.

Siku ya mtihani wa maabara shule hugawanywa kama ng'ombe wa josho. Waliomaliza walifungiwa ukumbini wasikutane na ambao hawajaanza. Ambao hawajaanza walifungiwa darasani, madirisha yamefungwa, askari kwenye kiti kati ya milango miwili na bunduki mapajani. Wambeti alipita na wilbaro inayolia gurudumu, akijua kwamba upande mmoja watoto walikuwa wameshaumia na upande wa pili bado.

Msichana mmoja wa zamu ya kwanza alikuwa ametoka kwenda msalani. Nkirote, binti wa kutoka Mikinduri aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapo sokoni. Kila mwalimu alimjua kwa kuuliza maswali baada ya kengele.

"Madam! Madam Wambeti! Yangu ilikuwa nyeupe. Hiyo ya bariamu. Ilikuwa nyeupe kabisa, hata haikutaka kuisha. Hiyo ni salfeti, si ndio? Nimeandika salfeti."

"Hakuna kuongea," askari alisema bila kuinuka.

"Si nauliza tu, afande. Madam, ni salfeti?"

"Rudi ndani, Nkirote," Wambeti alisema.

Msichana alitabasamu. Alidhani amejibiwa ndiyo, kwamba mtu mzima aliyekatazwa kusema amesema kwa njia yake. Alirudi ukumbini akitembea haraka, na kabla mlango haujafungwa Wambeti alimsikia akiwaambia wenzake, "Ni salfeti. Si niliwaambia?"

Njeru, mwalimu wa kemia, alikuwa peke yake maabara, ameketi kwenye stuli ya wanafunzi. Wambeti alikuwa amemweleza habari ya maji kabla ya kukimbia nyumbani. Alikuwa na mwaka wake wa pili wa kazi na shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Alimtazama Wambeti akichota maji kutoka pipani, akidondosha bariamu.

Maji yalibaki kama yalivyokuwa. Alitikisa mrija, akauinua kwenye dirisha. Safi.

"Asante Yesu," Njeru alisema.

"Subiri kwanza. Wewe uliandika nini?"

Kila mwalimu wa kemia anatakiwa afanye jaribio lile lile na maji yale yale, wakati mmoja na wanafunzi, na majibu yake yafungwe pamoja na yao. Njeru aliangalia kucha zake.

"Niliandika hakuna badiliko."

"Uliona hakuna badiliko?"

"Wambeti."

"Nauliza. Nilikuwekea mirija mitano hapo mezani. Wakati wa kuosha nilikuta yote mikavu. Hukufanya."

"Nani hufanya? Mimi nilijua ni chumvi gani, nikaandika vile inatakiwa. Kila mtu anafanya hivyo. Ukienda shule zote za hapa..."

"Ungefanya, ungeona weupe. Ungeona watoto wakiwa bado ndani. Tungesimamisha."

"Na wewe ungepima maji," Njeru alisema, na sauti yake ikapanda. "Hiyo ni kazi yangu? Mimi ndio niliendea maji jikoni kwa cucu wa Linda?"

Mlango ulifunguka kabla Wambeti hajajibu. Ndambiri, mwalimu mkuu, aliingia na kijiti mdomoni, akaufunga mlango kwa kisigino. Njeru alikuwa amemwambia kila kitu kwa simu. Ndambiri hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliongea taratibu, kama anayewasomea watoto wa nasari.

"Nimesikia. Sitauliza nani amekosea kwa sababu naona wawili hapa. Sasa tufanye hivi. Njeru atafuta jibu lake, ataandika iligeuka nyeupe. Zamu ya pili itafanya na maji ya zamu ya kwanza. Hiyo pipa itarudi ilikotoka."

"Waandike kitu ambacho hakiko?" Wambeti aliuliza.

"Waandike wanachoona."

"Chumvi haina salfeti, mwalimu. Anayesahihisha anajua haina. Atawakata wote."

"Ataona shule nzima na mwalimu wao wanasema neno moja. Atasema shule hii dawa zao zilikuwa mbaya, maskini. Shule ikikosea pamoja ni bahati mbaya." Ndambiri alitoa kijiti mdomoni, akamwelekezea. "Lakini asubuhi wakose, mchana wapate? Chumvi ile ile, chumba kile kile? Hiyo inaitwa nini? Inaitwa zamu ya pili imepewa majibu. Matokeo yatafutwa, ya wote. Na wakija kuuliza, mimi nitawaambia nini? Kwamba mwenye kuweka dawa alibadilisha maji saa sita, na binti yake aliingia saa nane?"

Wambeti alisimama na mrija mkononi akaona kwamba mtu huyu, ambaye yeye alimdharau kwa miaka yote, alikuwa amesema jambo la kweli. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Maji safi yangemsaidia Linda na kumchafua siku hiyo hiyo. Maji machafu yangemkata alama, lakini angekuwa amekatwa pamoja na wengine, na jioni mama yake angekuwa bado na kazi na nyumba.

"Kuna njia nyingine," alisema hatimaye. "Msimamizi aambiwe. Aandike kwenye ripoti yake kwamba maji ya asubuhi yalikuwa mabaya, tukabadilisha. Wanaosahihisha watajua."

"Mwambie." Ndambiri aliinua mabega. "Mimi siwezi kukufunga mdomo. Nitamwambia tu kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa na bodi, si serikali, aliamua kuleta maji ya mtihani kutoka jikoni kwake bila ruhusa ya ofisi."

"Bila ruhusa! Nilikuja kwako muhula wa pili. Nikakuomba tununue maji ya betri huko Siakago, yale yaliyosafishwa. Ulicheka. Ulisema mvua ya Mungu ni ya bure, nikinge nyumbani."

"Nilisema hivyo wapi?"

"Hapa! Hapo ulipo! Njeru alikuwepo."

Ndambiri alimgeukia mwalimu wa kemia kwa upole mkubwa. "Njeru, ulinisikia nikisema hivyo?"

Njeru alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya, na alivitazama kwa muda mrefu.

"Sikumbuki vizuri," alisema.

"Unaona," Ndambiri alisema. "Panga meza, mama. Muda unaenda."

Msimamizi wa mtihani aliitwa Kiogora. Alikuwa ameletwa kutoka upande wa Meru kusimamia, na katika siku zote alizokuwa hapo alikuwa hajakosana na mtu. Alikuwa ofisini kwa naibu akila wali na kuku, leso kifuani. Askari alikuwa amekuja kuchukua sahani yake mlangoni.

Wambeti hakubisha hodi. Alisimama mbele ya meza akasema yote mara moja, kwa sauti ambayo askari angeisikia: maji ya asubuhi yalikuwa ya kisima, yalikuwa na salfeti, kila mtoto wa zamu ya kwanza aliona weupe usiotoka kwa chumvi, na maji safi yamepatikana.

Kiogora alitafuna taratibu hadi akamaliza kilichokuwa mdomoni.

"Madam. Mimi nilileta karatasi, na jioni nitarudisha karatasi. Maji ni mambo ya shule."

"Una mahali pa kuandika yaliyotokea wakati wa mtihani."

"Ninapo. Na nikiandika, swali la kwanza litakuwa, wewe Kiogora ulikuwa wapi maji ya kisima yakiingia maabara?"

"Ulikuwa hapa. Ulikuwa na chapati."

Askari alicheka, kisha akakohoa kuficha. Kiogora hakucheka. Alifuta mdomo na leso.

"Hiyo ni adabu gani?"

"Hana," alisema Ndambiri, aliyekuwa amefika nyuma yake bila haraka. "Mvumilie, bwana Kiogora. Ni uchungu wa mama. Binti yake yuko zamu ya pili."

"Aa." Uso wa Kiogora ulifunguka. Alikuwa amepewa alichokuwa akitafuta. "Kumbe. Ungeanzia hapo, madam. Mzazi hawezi kuniletea habari za kubadilisha dawa dakika za mwisho. Hiyo hata ni kosa." Aliinuka, akavaa koti. "Kila kitu kibaki kilivyokuwa asubuhi. Afande, toa zamu ya pili wapange foleni."

"Nkirote ameandika salfeti," Wambeti alisema.

"Nani?"

"Mtoto wa zamu ya kwanza. Si wangu. Ameandika salfeti na anafurahi."

"Nenda upange meza," Ndambiri alisema.

Alitoka. Kwenye njia ya kwenda maabara watahiniwa walikuwa wakitolewa darasani mmoja mmoja, askari akiwakagua mifuko. Linda alikuwa wa tatu au wa nne, mrefu kama baba yake, kalamu mbili kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amemwona mama yake akitoka ofisini na wanaume wawili nyuma yake, na alijua uso ule.

"Mum," alinong'ona. "Mum, una nini? Wacha drama. Utatuchomea, watu wanatuona."

"Nyamaza. Tazama mbele."

Wambeti aliingia maabara akafunga mlango na kuusukumia stuli. Mezani vilikuwa vimepangwa vyote alivyotayarisha alfajiri: chupa za tindikali ya bureti, chupa za magadi, chumvi iliyoyeyushwa kwenye mtungi wa kioo, chupa za kunyunyizia, kila kimoja kimetengenezwa na maji ya kisima. Njeru alikuwa bado pale.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema nipange meza."

Alichukua chupa ya kwanza ya magadi, akafungua koki ya sinki, akaimimina. Kisha ya pili. Njeru aliinuka kutoka kwenye stuli yake.

"Wambeti. Wewe, Wambeti, hiyo ni ya mtihani."

"Ndio."

"Utafungwa!"

"Niletee hizo za upande wako."

Hakumletea, wala hakumzuia. Alirudi nyuma hadi ukutani akasimama na mikono kifuani, kama mtu ambaye akiulizwa baadaye atasema hakuwa karibu. Wambeti alizunguka meza kwa meza. Alimwaga tindikali, maji yakiikimbiza kwenye bomba. Akamwaga chumvi. Aliinamisha mtungi wa kwanza ukingoni mwa sinki ukamwagika wote, akavuta wa pili, ule wenye kitambaa, akaumwaga sakafuni kwa sababu sinki lilikuwa limejaa. Maji yalitambaa chini ya mlango, yakatokea nje kwenye viatu vya waliokuwa kwenye foleni.

Mlango uligongwa, ukasukumwa, stuli ikaanguka. Ndambiri aliingia wa kwanza, Kiogora nyuma yake, askari nyuma ya Kiogora, na nje vichwa vya watahiniwa vikirefuka. Mwalimu mkuu alitazama chupa tupu zilizolala kifudifudi kwenye sinki. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda.

"Mama, una wazimu? Una wazimu wewe? Umemwaga mtihani wa serikali!"

"Nimemwaga maji ya kisima."

"Kazi yako imeisha! Unasikia? Leo! Hiyo koti vua!"

"Nitavua jioni. Ni nani mwingine hapa atapima tindikali? Wewe? Njeru?"

Wambeti alivuta pipa la buluu hadi mezani, akang'oa kifuniko, akachukua chupa safi kabatini. Kisha akamgeukia Kiogora, aliyekuwa amesimama kwenye maji na viatu vyake vizuri.

"Sasa hakuna dawa hata moja. Nikianza sasa hivi, watoto wataingia wamechelewa kama saa nzima, na huwezi kurudisha karatasi zimechelewa saa nzima bila kusema kwa nini. Kwa hivyo andika. Andika maji ya zamu ya kwanza yalikuwa ya kisima na yana salfeti. Chukua kidogo hapo sakafuni utie kwa chupa, uwatumie, wapime wenyewe."

"Na yaliletwa na nani?" Kiogora aliuliza.

Ndambiri alikuwa akimtazama mwanamke huyu kwa macho ya mtu anayesubiri kusikia jina lake. Kule ng'ambo ya ua wa shule, moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa Ciarunji.

"Mimi. Andika Wambeti, wa maabara. Hakuyapima. Mwalimu mkuu akitaka kuongeza lake, na mwalimu wa kemia lake, wana midomo."

Aliwapa mgongo, akaweka mizani sawa, akaanza kupima.

Kiogora alitazama foleni. Alimtazama askari, ambaye alitazama juu, kwenye dari. Kisha akavuta stuli iliyoanguka, akaisimamisha, akaketi juu yake miguu yake ikiwa majini, na akatoa kalamu.